Mwaka wa Mikono ya Kushoto

Nimefundisha vitenzi vya Kiingereza kwa miaka karibu arobaini na bado vinaniudhi. Watu hudhani mwalimu hufika mahali akapatana na somo lake. Mimi sijafika. Kila Januari nilisimama mbele ya watoto wapya nikaandika ubaoni go, went, gone, na kila Januari nilipandwa na hasira ileile: hii went imetoka wapi, na nani aliileta? Kwa Kiswahili mtu anakwenda leo, jana alikwenda, kesho atakwenda, na yule anayekwenda unamwona humohumo ndani ya neno, hajabadilishwa sura wala ukoo. Kikamba nacho ni vilevile, unabandika kipande huku na kipande kule, kazi imeisha. Kiingereza kinakupa sheria asubuhi, na kufikia saa nne kimeshaivunja chenyewe mbele ya watoto, na wewe ndiye unayebaki umeshika chaki. Sasa nimestaafu. Ninaishi mjini Machakos, ninafuga kuku, na hakuna anayeniuliza habari za vitenzi isipokuwa mjukuu wangu, ambaye huuliza simu kwanza halafu ananiuliza mimi ili aone kama nitakosea.

Agosti iliyopita Ndinda alinipigia simu. Ndinda ni mwalimu mwenzangu wa zamani, ana miaka sabini na kitu, na hajawahi kupiga simu ya kusalimia tu. "Mulwa ametuacha," akasema. "Mazishi ni Ijumaa, na usiniambie una kazi ya kuku." Mulwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Mwala, mahali nilipofundisha kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini, bila cheti chochote cha ualimu. Nilifanya kazi chini yake mwaka mmoja, na hata huo haukutimia. Nilitaka kwenda kumzika, hilo ni kweli, lakini sitajifanya mtakatifu: nilikuwa na sababu nyingine. Nilijua kwamba Kavata, mwanafunzi wangu wa mwaka ule, bado anaishi huko na ana chumba cha kushonea nguo karibu na soko. Kuna kosa nililomfanyia Kavata darasani, na lilikuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo. Nilitaka nimwombe msamaha ana kwa ana, kabla mmoja wetu hajatangazwa redioni kama Mulwa.

Mwaka ule nilipewa chumba cha mabati kutoka chini mpaka juu, kimoja kati ya viwili vilivyoshikana nyuma ya darasa la nane. Mchana hukai ndani. Jua likipanda mabati yanaanza kulia, na jioni yakipoa yanalia tena. Nilikuwa na kitanda, meza, sufuria mbili na dirisha dogo la wavu wa waya ambalo mbuzi wa jirani walipenda kuja kulichungulia. Chumba cha pili kilikuwa cha Ndinda, mwalimu wa darasa la pili, aliyekuwa amenizidi miaka kumi na mitano na mdomo pia. Tulipika pamoja nje, muthokoi na mbaazi karibu kila siku, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa mpaka yakalainika kama yalitaka, na yasipotaka tuliyala hivyohivyo. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na bati moja tu, kwa hiyo nilijua anapopiga chafya na yeye alijua ninapolia. Ndivyo nilivyomsikia Mulwa Jumamosi moja, alipokuja kumletea Ndinda ndengu kutoka shambani kwake, akisema kwa sauti yake ya chini ya mzee wa kanisa, "Huyu msichana tuliyempa darasa la nane, anajua Kiingereza kweli, ama anajua kuimba?" Ndinda akamjibu, "Anajua kuimba, mwalimu mkuu. Lakini anaimba vizuri." Nililala pale kitandani nikiangalia misumari ya paa, na nilitamani ardhi inimeze na kitanda changu.

Alikuwa amesema kweli. Darasa langu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja na kitabu cha Kiingereza kimoja, kile cha mwalimu. Ninaandika ubaoni, wananakili, tunaimba. Ndivyo nilivyofundishwa mimi na sikujua njia nyingine. Take, took, taken. Put, put, put. Waliimba wakifagia, waliimba wakichimba mchanga mtoni kutafuta maji, mpaka akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, waliokuwa wakichimba matuta mlimani wakaishika ile put, put, put wakaifanya ya kupigia jembe. Nikajiona nimefika. Halafu siku moja nikawaambia waandike sentensi tano kuhusu walichofanya Jumamosi. Nikasahihisha madaftari arobaini na moja nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba, na nilipofika la ishirini nilitaka kuyatia jikoni yote. Mtoto anayeimba vitenzi mia bila kukosa hata kimoja alikuwa ameandika sentensi ambamo jana, leo na kesho vimelala kitanda kimoja. Maumbo walikuwa nayo. Kazi ya hayo maumbo hawakuijua. Na lililonichoma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliijua kwa masikio tu. Nilikuwa mtu anayejua njia ya kwao lakini hawezi kumwelekeza mgeni.

Hasira yangu ilimwangukia Kavata, kwa sababu Kavata ndiye aliyeuliza. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, anakaa karibu na mlango, na alikuwa na tabia ya kusimama kabla hajaruhusiwa. Siku moja tulikuwa tunasoma jinsi neno moja la Kiingereza linavyoweza kuwa kitendo hapa na kuwa jina pale. Akasimama.

"Mwalimu, jana ulisema cook ni kupika."

"Ndiyo."

"Leo umeandika cook ni mtu."

"Ni mpishi. Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea limekaa wapi kwenye sentensi."

"Kwa hiyo neno likihama kiti linakuwa kitu kingine?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia akae chini na aache kupoteza wakati wa wenzake. Leo, baada ya kozi na semina zote nilizokalia, ninajua kwamba swali lile ndilo lilikuwa somo lenyewe, na kwamba jibu lilikuwa ndiyo, likihama kiti linakuwa kitu kingine, hebu tuone mengine yanayofanya hivyo. Wakati ule nilisikia tu mtoto anayenivua nguo mbele ya watu. Na yeye hakuwa akicheza. Hesabu alikuwa wa kwanza, sayansi wa kwanza, Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamvuta miguu. Baba yake alikuwa amesema wazi na kila mtu pale alijua: akipita mtihani wa darasa la nane ataenda sekondari, asipopita ataenda kwa shangazi yake Athi River kutafuta kibarua, na hakuna kurudia darasa. Kwa hiyo Kavata aliuliza kama mtu anayeuliza daktari. Nami nilimjibu "ndivyo ilivyo" mara nyingi kiasi kwamba watoto wengine walianza kunimalizia sentensi. Akisimama tu, nyuma wananong'ona, "Ndivyo ilivyo."

Muhula wa pili tukaambiwa mkaguzi anakuja kutoka mjini. Mulwa aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba mkaguzi ataingia darasa langu, somo la Kiingereza, na kwamba akiridhika yeye Mulwa ataniandikia barua ya kunipendekeza chuo cha ualimu. Asiporidhika, kamati itatafuta mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alinikaribisha hata chai. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Ndinda, aliyekuwa amekaa chini anachambua maharagwe.

"Wewe unalia nini?" akaniuliza. "Hujui mambo ya mikono?"

Nikamwambia sijui mambo ya mikono.

"Kaa hapa." Akanisogezea ungo. "Mkaguzi akiuliza, darasa lote linainua mkono. Lote, hata yule anayelala. Anayejua jibu anainua wa kulia. Asiyejua anainua wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia peke yake. Mgeni anaona watoto arobaini wanajua. Anaandika vizuri, anakula kuku, anaenda."

"Na akijua?"

"Atakosa kujua aje, na yeye alikuwa mwalimu? Nani unafikiri alitufundisha?"

Tulifanya mazoezi wiki mbili. Nitasema jambo la aibu: sikuwahi kufundisha kitu chochote vizuri kama nilivyofundisha mikono. Wale waliokuwa wakisahau upande gani ni upi niliwafunga uzi kwenye kidole. Kufikia mwisho ningeuliza swali lolote na darasa lote lingepanda juu kwa mpigo mmoja, na mimi ningeiona mikono ya kulia humo ndani bila hata kugeuza kichwa. Kavata wiki zote mbili aliinua wa kushoto. Kila swali, kushoto. Wenzake wengine walikuwa wakidanganya kidogo, wanainua wa kulia ili nao wachaguliwe, lakini yeye hapana.

Mkaguzi akaja Jumatano, bwana mwembamba mwenye suti ya kaki, akakaa nyuma. Mulwa akasimama mlangoni. Nikauliza maswali niliyoyapanga, mikono ikapanda, nikachagua, wakajibu vizuri, na nikaanza kupumua. Halafu yule bwana akasimama mwenyewe, akaja mbele, akaomba chaki. Akaandika ubaoni: Did you go? Chini yake akaandika Did you went, akaipiga mstari. Akauliza darasa, taratibu kabisa, kwa nini tunasema ile ya kwanza na hatusemi ya pili, ilhali zote mbili ni za jana.

Mikono ya kushoto ikapanda juu. Ilipanda kwa bidii yote niliyowafundisha, imenyooka, vidole vimekunjuliwa, darasa zima mkono wa kushoto. Mkaguzi akaiangalia kwa muda. Nadhani alijua. Mlangoni Mulwa akainamisha kichwa akaanza kusoma viatu vyake. Na karibu naye, pale kwenye dawati la mlangoni, ulikuwepo mkono mmoja wa kulia. Nilimwona Kavata. Siwezi kusema sikumwona, niliona hata wino kwenye kidole chake. Nikafikiri mambo mengi kwa pumzi moja: amekosea mkono, ama amenyoosha huu makusudi ili aulize "kwa nini" yake mbele ya mgeni, ama atajibu kwa Kikamba, ama ataniangusha. Halikunijia wazo la tano, kwamba anajua. Nikageuka nikamwambia mkaguzi kwa Kiingereza changu bora kwamba ni kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Akaniangalia, akaandika kitu, akanishukuru. Kavata alikuwa bado ameshika mkono juu walipotoka nje.

Jioni ile nilikuwa chumbani, nimekaa kitandani, vikombe vya wageni bado havijaoshwa. Wasichana walikuwa wamepumzika nyuma ya ukuta wangu na mitungi yao ya maji, na nikamsikia Kavata akiwaeleza kwa Kikamba. "Mkiwa wawili na mtungi ni mmoja," alisema, "mmoja akishaubeba, mwingine anatembea mikono mitupu. Sasa jana ni mtungi. Did ameshabeba jana. Go atabeba nini? Anatembea tu." Mwenzake akamuuliza, na kama did hayupo? "Basi go anabeba mwenyewe, na akibeba anakunjika, anakuwa went." Wakacheka, wakabeba maji yao, wakaenda. Mimi nilibaki pale nimeganda. Nilielewa mara ile ile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kitu nilichokuwa nikikifundisha tangu Januari. Ningetoka nje. Ilikuwa hatua nne. Ningemwambia, Kavata, nimesikia, ni kweli, nisamehe kwa leo. Sikutoka. Aibu ilinishika miguu. Na siku ya pili nikaingia darasani nikaeleza ile habari ya mtungi kama yangu, nikiangalia upande wa madirisha ili macho yangu yasikutane na yake.

Maelezo hayo nimekula nayo maisha yangu yote. Niliyafundisha Kangundo, niliyafundisha mjini, niliyafundisha kwenye semina mbele ya walimu waliosomea zaidi yangu, wakayaandika. "Mwalimu Mwikali na mtungi wake," waliniita hivyo. Kila nikipigiwa makofi nilikuwa nikiuona ule mkono karibu na mlango.

Barua ya chuo ilikuja muhula wa tatu, mwishoni mwa Septemba, zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya mtihani. Mkaguzi alikuwa ameridhika, au alikuwa na huruma, na Mulwa alitimiza ahadi yake. Ilisema niripoti mara moja. Mulwa akanishauri niende wikendi, nionyeshe karatasi zangu, niombe ruhusa ya siku chache, kisha nirudi nimkabidhi darasa. Ijumaa nikawaambia watoto kwamba tutaonana Jumatatu, tumalize mazoezi ya mwisho. Nikafunga chumba changu kwa kufuli na kila kitu ndani, nikachukua mfuko mmoja. Chuoni wakaniambia wenzangu wameshaanza wiki nzima iliyopita, na kwamba anayetoka langoni nafasi yake inapewa mwingine. Ningefanya nini? Nilikuwa na miaka ishirini. Nikabaki. Nilijiambia watapata mwalimu, shule ni shule. Chumba, godoro na sufuria nilivisahau, na sikuvijutia. Mwaka uliofuata Ndinda aliniandikia habari zake za kawaida, na katikati yake kwamba Kavata alipita kila kitu isipokuwa Kiingereza, akaenda Athi River. Baadaye nilisikia yuko viwandani huko anashona nguo, miaka mingi, kisha akarudi nyumbani na cherehani yake. Nikajiambia, ni ule mkono. Nilimvunja moyo mbele ya watu, mtoto akaacha kujaribu. Na hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nayo nilipofika mazishini.

Tulimzika Mulwa saa saba, jua kali, na baada ya maombi watu wakaketi chini ya hema kula. Kavata ndiye aliyenijia. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Amenenepa, amevaa miwani, alikuwa katika kikundi cha akina mama wanaopakua.

"Mwalimu. Habari ya siku mingi?"

"Nzuri, mama. Wewe ni Kavata."

"Ni mimi. Uko na sahani?"

Nilikuwa na sahani, wali na ndengu, sikuwa nimegusa. Nikamwomba tukae pembeni. Tukakaa kwenye benchi nyuma ya jiko la kanisa, sufuria kubwa zimegeuzwa kifudifudi mbele yetu, na nikamwambia yote. Mkaguzi, mikono, jinsi nilivyomwona nikamruka. Jinsi nilivyomsikia nyuma ya ukuta. Jinsi nilivyochukua mtungi wake nikazunguka nao wilaya nzima na kusifiwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya kwa miaka, na nilipoyasema yalitoka yamekwaruzika, lakini yalitoka. Kavata alinisikiliza akijifutia mikono kwa leso. Nilipomaliza akaikunja ile leso.

"Mimi hiyo ya mkono sikumbuki, mwalimu."

"Humkumbuki mkaguzi?"

"Mkaguzi namkumbuka. Alikuwa na hiyo suti. Lakini ati niliinua mkono ukanikataa, hapana. Na hiyo ya mtungi, kama nilisema ni sawa. Nilikuwa nasema maneno mingi."

Sijui nieleze vipi nilivyohisi. Nilikasirika. Ndiyo, nilimkasirikia, mwanamke asiye na kosa. Miaka yote hiyo ninajichapa usiku na mchana kwa kitu ambacho mwenyewe hata hakikumgusa. Halafu nyuma ya hasira ikaanza kuja nafuu, nikahisi mabega yanashuka, na nikasema, nikicheka kidogo, "Kwa hiyo nimejitesa bure."

Kavata hakucheka. "Mimi nakumbuka Jumatatu," akasema.

"Jumatatu gani?"

"Ile ulisema utarudi."

Nikaweka sahani chini.

"Tulikuja mapema. Tulifagia, tukapanga madawati, prifekti wetu akaandika tarehe kwa ubao. Tukakungoja mpaka saa nne. Jumanne tena tukaandika tarehe. Tulikuwa tunaimba zile vitenzi peke yetu, hiyo tulijua. Lakini mazoezi ya mtihani yote ilikuwa kwa kitabu, na kitabu ilikuwa kwa chumba yako."

Nikamwambia shule ingevunja kufuli. Nilisema kwa ukali, kana kwamba kosa ni la shule.

"Tulimwambia Mwalimu Mulwa avunje. Akakataa. Alisema chumba ya msichana haivunjwi na wanaume na mwenyewe hayuko, na ulikuwa umempa neno yako. Alikuwa mtu wa hivyo, wewe unamjua." Akatupa macho upande wa kaburi, kisha akarudi kwangu. "Alikuandikia barua mbili atumiwe ufunguo. Hukupata?"

Kama angeniuliza asubuhi ya siku ile ningeapa kwamba sikupata barua yoyote. Lakini pale kwenye benchi niliiona, bahasha ya kaki, mwandiko wa Mulwa ulioegemea upande mmoja, iko ndani ya kamusi yangu chuoni. Nilikuwa nimeisoma. Nilisema nitajibu wikendi, na wikendi tulikuwa na jaribio la saikolojia, na ufunguo wenyewe ulikuwa ndani ya mkoba wangu.

"Nilipata moja," nikasema.

Kavata akaitikia kwa kichwa, bila kushangaa. "Hiyo kitabu tulikuwa tunaiona kwa dirisha," akasema. "Iko juu ya meza, na boksi ya chaki. Wakati wa mapumziko tulikuwa tunaenda kuangalia. Hata kuna mmoja alijaribu kuivuta na kijiti kupitia hiyo waya, haikufika."

Nikamwambia pole. Nilisema kwa Kikamba, nikasema tena. Akanishika mkono, mikono yake mikavu ya cherehani, na akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kana kwamba ananiambia habari za mvua.

"Mtihani ikaisha. Hiyo wiki ingine wamama wa kamati wakakuja, wakavunja kufuli, wakatoa vitu zako. Mwalimu Mulwa akanipatia kitabu nikae nayo nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeililia sana. Niliisoma yote, mwalimu. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mazoezi yote nikafanya."